Ukuta Usioegemewa

Kwa Karani hukukaribishwa kwanza, ulionywa kwanza. Ukivuka kizingiti tu, kabla hujamaliza hodi ya pili, ulisikia: "Usiegemee ukuta wa huko." Baada ya hapo ndipo salamu ya mwangaluka, ndipo habari za nyumbani, ndipo kiti. Siku walipokuja washenga kumposa binti yake Milembe, wazee wa watu walikalishwa katikati ya sebule kwenye viti visivyo na mgongo, wima, kama watu wanaosubiri kunyolewa. Mahari ilikubaliwa upesi ajabu. Majirani walisema ni kwa sababu ya heshima ya Karani. Mimi nasema ni viuno.

Tulikuwa majirani miaka mingi, upande wa Songwa, ua wa minyaa katikati. Mume wangu alikuwa mgodini kwenye almasi, yeye alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba. Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la nyumbani, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia, hata mkewe. Alikuwa Karani tu, na ukimwita hivyo aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekabidhiwa kilicho chake.

Sasa huo ukuta. Nyumba yenyewe ilikuwa kama zetu, miti na udongo, bati juu. Lakini ukuta wa sebuleni, wa kulia ukiingia, ulichorwa kutoka usawa wa goti hadi karibu na bati. Mwanamume amesimama na manyoya kichwani, chatu amemzunguka kiunoni, na kichwa cha chatu kimefika begani kinamtazama mwenyewe usoni. Pembeni mwanamke anatwanga. Chini yao ng'ombe mmoja mwenye nundu anajiondokea, hana habari na mtu. Rangi zilikuwa nyeupe ya chokaa, nyekundu ya udongo na nyeusi ya masizi, basi.

Aliyechora alikuwa mcheza nyoka, wale tuwaitao Bayeye, aliyezunguka na kikapu chake kwenye ngoma za mavuno. Mwaka mmoja, Uhuru ungali mbichi, aliumwa na nyoka wake mwenyewe mbele ya watu, na kwa mtu wa kazi ile aibu ya jambo hilo inashinda maumivu. Dawa alikuwa nazo, hakufa, lakini mguu ulivimba akashindwa kutembea, na Karani akamweka kwake. Si kwa huruma, alisema mwenyewe. Ni kwamba mtu ameanguka mbele ya mlango na yeye anatakiwa ghalani saa moja asubuhi. Mgonjwa akakaa majuma kadhaa. Mguu uliponywea, siku moja Karani akiwa kazini, mgeni akaomba chokaa, akachora ukuta, akaaga, akaenda zake. Hatukumwona tena.

Karani aliporudi jioni alikasirika. Hili hakulisimulia kamwe, lakini minyaa haizuii sauti. "Nani amemruhusu kuingiza nyoka nyumbani kwa Mkristo?" Akaagiza mkewe aupake udongo kesho yake asubuhi. Kilichouokoa ukuta ni chai. Mkaguzi wa pamba kutoka Shinyanga mjini alipitia asubuhi hiyo, akaketi, akautazama, akasema, "Bwana Karani, kitu kama hiki sijakiona kwa mtu mwingine." Aliyasema hayo akitafuta mahali pa kuweka kikombe. Lakini yalitosha. Tangu siku hiyo Karani akawa mtu mwenye kitu kisichopo kwa mtu mwingine, na ole wako ukiegemea.

Sisi wengine picha zetu zilitoka dukani. Mhindi mmoja, tuliyemwita Mzee wa Duka, kila mwaka mpya aliwapa wateja wake kalenda yenye picha ya mlima wa theluji na kijumba chini yake. Mtaa mzima tuliutundika mlima ule. Ukitoka kwangu umeuacha, ukiingia kwa jirani umeukuta, umefika kabla yako.

Karani alikuja kwangu siku moja kuazima msumeno, akasimama mbele ya mlima wangu kwa masikitiko. "Mama Kulwa, huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na ule wa kwa jirani yako?"

"Wake."

"Basi mmeolewa na mume mmoja mtaa mzima, na hajawahi kulala kwa hata mmoja wenu."

Nikamwambia mume wa namna hiyo angalau hali ugali. Hakucheka. Kwenye mambo ya picha Karani hakuwa na utani. Alikuwa na misemo yake mwenyewe, ambayo aliitoa polepole, kidole juu, kana kwamba yupo mtu anayeandika. "Kitu chenye ndugu zake dukani si kitu cha nyumbani." Au, "Kalenda inakufa Desemba, mkono wa mtu hauna Desemba." Katekista alipomjia kuhusu yule chatu, kwamba si vizuri muumini kuishi na nyoka ukutani, Karani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na kwenye Biblia yako, nyoka hayumo?" Katekista akanywa chai yake akaondoka, naye hakuegemea.

Usidhani alikuwa mkarimu. Sukari aliifungia sandukuni, ufunguo mfukoni, na chai ya kwake uliijua kwa weupe wa maji. Ngoma alizichukia; vijana wakipita na manyanga alifunga dirisha. Mtu aliyesifu kila jioni kazi ya mcheza ngoma hakuwahi kutoka kwenda kumtazama mcheza ngoma mwingine. Nilipomuuliza, alisema ngoma ni kelele na picha ni kimya, na yeye kelele za ghala zinamtosha.

Alivaa kofia na shati jeupe kila siku, kwenye ghala la pamba, mahali ambapo hata kikohozi kinatoka na vumbi. Na macho alikuwa nayo, hilo nakiri. Wakulima wetu hawakuwa malaika. Kuna aliyelowesha pamba usiku iwe nzito, kuna aliyefutika jiwe katikati ya gunia. Karani alikuwa anasimama mbali na mizani, mikono nyuma, tumbo mbele, anatazama tu namna gunia linavyobebwa. "Hilo," anasema, "lifungue." Na jiwe linatoka. Watu waliamini ana dawa. Hakuwa na dawa, alikuwa na jicho. Ndiyo maana nilishangaa miaka yote ile, na nashangaa hadi leo, kwamba mtu wa kuona jiwe ndani ya gunia hakuona kilichokuwa kinafanyika nyumbani kwake.

Maana ukuta wa udongo si karatasi. Masika yakipita, chini umekunywa maji, mchwa wamepanda, udongo umebanduka vipande. Kwetu kazi hiyo ni ya wanawake. Kiangazi kikiingia tunachimba udongo, tunaukanyaga pamoja na mavi ya ng'ombe, tunakandikiana nyumba kwa nyumba. Wanaume wanajua kwamba nyumba hukandikwa kama wanavyojua kwamba ugali hupikwa; hakuna anayeuliza. Na kiangazi ndio msimu wa pamba. Karani huwa kwenye vituo vya kununulia, anapotea majuma mazima, kambini na mizani yake.

Masika ya kwanza baada ya yule mgeni kuondoka yalipopita tu, Karani akiwa kwenye vituo, nusu ya chatu ilianguka sakafuni. Mama Milembe, mke wa Karani, alikuja kwangu mbio na kipande cha mkia mkononi.

"Mama Kulwa, leo nimekwisha."

"Amerudi?"

"Anarudi wiki ijayo."

"Basi hujaisha."

Tukakandika ukuta pamoja. Ulipokauka, akatafuna kijiti kikawa brashi, akachovya kwenye udongo mwekundu, akachora upya kwa kukumbuka. Chatu akatoka mwembamba kama mjeledi. Jioni aliyorudi Karani, tulijibanza nyuma ya mlango wa uani, roho mkononi. Akaketi, akapewa chai, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Kisha akasema peke yake, "Ajabu. Ukimtazama sana, nyoka huyu ana njaa."

Mwaka uliofuata Mama Milembe akamnenepesha. Karani akasema nyoka ameridhika. Na hapo mwenzangu akaonja utamu wa jambo lile, akaacha kuogopa. Kila msimu wa pamba alikandika, na kila alipokandika alichora, na kila alipochora aliongeza lake. Yule mwanamume alianza kuota tumbo. Manyoya ya kichwani yalipungua mwaka hadi mwaka mpaka yakawa kofia. Mikono, ambayo mgeni aliichora juu, ikashuka, ikaenda nyuma. Mwanamke anayetwanga akapewa kanga, akageuza uso upande wa pili. Wanawake wa mtaa tulikuwa tunakuja kwa zamu kuazima chumvi ili tuone mcheza nyoka amefikia wapi.

Karani alikuwa na maelezo kwa kila kitu. "Hii ndiyo tofauti," aliwaambia wageni. "Kalenda ukiitazama leo umeimaliza. Kazi ya mkono wa mtu haiishi. Mimi huu ukuta nimeishi nao, na kila mwaka unanionyesha kitu ambacho sikukiona." Alikuwa anasema kweli tupu.

Mwaka mmoja chatu akapata madoa ya bluu. Sisi wenyewe tulishtuka. Karani alisema ni rangi ya mizizi, inayopatikana mbali huko magharibi, na kwamba huchukua miaka kujitokeza. Wakati huohuo alianza kulalamika juu ya mashati. Yalikuwa yanakuwa manjano. Alilaumu maji ya kisima, alilaumu sabuni, alimlaumu Mzee wa Duka kwa kuuza bluu ya kufulia iliyochakachuliwa. Mzee wa Duka alimsikiliza akiwa nyuma ya kaunta yake. Yeye ndiye aliyemuuzia Mama Milembe bluu na chokaa kila kiangazi, na alikwisha kufika nyumbani kwa Karani, akaketi wima kama wengine, akautazama ukuta. "Bluu yangu nzuri sana, Bwana Karani," akasema. "Ila inategemea imepakwa wapi." Karani akaona huo ni ujeuri wa wafanyabiashara.

Nilimuuliza Mama Milembe kwa nini hamwambii. Alikuwa anapepeta mtama, akapepeta mpaka mwisho. "Mama Kulwa, mimi nimeolewa zamani. Napika, anakula anaangalia pembeni. Nafua, anavaa anaondoka. Lakini jioni anaketi saa nzima anatazama kazi yangu, na anaisifu kwa wageni. Nikimwambia, si ataacha?"

Wangu alikuwa hata ukuta hatazami.

Halafu ukaja mwaka tulioambiwa tuhame. Wote mnaujua mwaka ule, kila nyumba ina hadithi yake, na sina haja ya kurudia. Kwetu ilikuwa hivi. Kijiji kipya kimepimwa upande wa pili wa mbuga, viwanja vinagawiwa kwa kadiri watu wanavyofika. Wa kwanza wanapata karibu na kisima, wa mwisho wanapelekwa kule kwenye majabali, ambako ndoo ya maji ni safari. Kila mtu alikuwa anabomoa, anabeba bati, milango, miti mizuri. Udongo unauacha. Udongo upo kila mahali.

Mtendaji aliyetumwa kwetu alikuwa kijana mpole, mwenye baiskeli. Alifika kwa Karani, akaonywa asiegemee, akampa shikamoo, akaketi. Macho yakaenda ukutani.

"Mzee, wamekuchora vizuri," akasema.

"Huyo si mimi. Ni mcheza nyoka."

Kijana akatazama ukuta, akamtazama Karani, tumbo, kofia, mikono. Akatutazama sisi wanawake mlangoni. Mama yake alimlea vizuri, maana alinyamaza.

"Lori linakuja Jumatano, Mzee."

"Lori lina nafasi ya ukuta?"

"Ukuta huachwa, Mzee. Unachukua bati."

"Nikitoa bati, mvua ya kwanza inaufuta. Huo hapo haujaguswa na mkono wa mtu tangu siku ulipochorwa. Ukifutika umefutika duniani kote. Unanielewa? Haupo mwingine."

Jumatano lori lilikuja likabeba vyetu, vya kwake vikabaki. Juma lililofuata likaja tena. Karani ameketi kwenye kiti chake mbele ya ukuta, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya mchana. Viwanja vya karibu na kisima vilikuwa vinaisha, na Mama Milembe alikuwa na nyonga mbovu tangu kujifungua mtoto wa mwisho. Kuteka maji kutoka kule majabalini kungemmaliza. Mimi nilirudi na lori lile kwa ajili yake. Nilikuwa nimemshikia kiwanja jirani na changu kwa kuweka mawe na kumtukana kila aliyekisogelea, lakini matusi nayo yana mwisho.

Tulimkuta Mama Milembe uani, vyombo vimefungwa, mtungi umevalishwa majani. Mtendaji akaingia kumbembeleza mzee mara ya mwisho. Tukafuata. Na hapo Karani, bila kugeuza kichwa, akamwambia mkewe, "Nenda wewe na vyombo. Mimi nabaki na mchoro."

Niliumia, nasema kweli, utadhani nimeambiwa mimi. Mtu umemzalia, umemfulia, umemwekea mlima wa magunia ya mtama, anakuambia nenda na vyombo. Nilitaka kumjibu. Mama Milembe akanishika mkono.

Akatoka nje, akarudi na kibakuli cha maji, tambara, na kikopo chake cha udongo mwekundu. Akapita mbele ya kiti. Akalowesha tambara, akakifuta kichwa cha chatu.

Karani alisimama. Mtendaji alirudi nyuma hatua, na ninadhani ndiye mtu wa kwanza katika historia ya nyumba ile kuegemea. Mama Milembe hakumtazama mtu. Alichovya kijiti, akavuta mstari mmoja kutoka begani kwa yule mwanamume hadi usoni, akaukunja, akaweka jicho, akaweka ulimi. Kwa muda huo hata uji usingepoa. Kichwa kilikuwa kimerudi pale pale, kinatazama vile vile, labda kwa hasira kidogo.

"Mgeni wako alimchora mara moja," akasema. "Akaanguka masika ya kwanza. Mimi nimemchora kila msimu wa pamba mpaka leo. Ukitaka nitamchora huko tunakokwenda. Usipotaka, baki naye hapa, mvua itawakuta wote wawili."

Karani aliusogelea ukuta, karibu, kama ambavyo sikuwahi kumwona akiusogelea. Akatazama tumbo. Akatazama kofia. Akamtazama yule mwanamke wa kanga aliyempa kisogo.

"Na bluu?" akauliza.

"Ya mashati yako."

Akalitazama shati lake, ambalo kwa wakati ule lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kisha akatoka nje. Tulisikia anaburuta ngazi, na baadaye kidogo misumari ya bati ikaanza kulia.

Kiwanja tulikipata. Nyumba ikasimama karibu na kisima, mlango unatazamana na wangu. Lakini ukuta wa kulia ukabaki mtupu masika yote. Mama Milembe hakuchora, na Karani hakuomba. Alikuwa anaketi na chai yake mbele ya udongo mtupu, na wageni wakiingia hakuwaonya chochote. Waliegemea, wakajipaka vumbi mgongoni, wakaondoka. Nilitarajia nitafurahi. Sikufurahi. Nyumba ilikuwa kama imefiwa.

Kiangazi kilipoingia, mizani ikamwita, lakini kabla hajaondoka nilimwona akifanya jambo ambalo mtaa ulikuja kulitazama. Alivua shati. Akachimba udongo, akaukanyaga, akaukandika ukuta ule mwenyewe, vibaya sana, mafundo mafundo, kama uso wa mtu aliyetoka kuugua ndui. Kisha akaenda dukani. Alfajiri alipoondoka, Mama Milembe alikuta kwenye mlango wa jikoni chokaa, na juu yake pakiti za bluu. Samahani, kwa maisha yake yote sikumsikia akiitamka. Mashati akaanza kuvaa ya khaki.

Mama Milembe akachora. Safari hiyo yule mwanamke anayetwanga aligeuza uso, akatazama sebuleni.

Baada ya mume wangu kufariki nilimfuata mwanangu Kulwa huko Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, nikakaa miaka. Vijana wa huko wakibahatika hununua zulia la ukutani lenye simba, la manyoya, linang'aa. Kulwa naye akaleta lake. Kila chumba pale kilikuwa na simba yuleyule, kichwa kimegeukia upande uleule. Nikajisikia nasema, kidole juu, "Kitu chenye ndugu zake dukani si kitu cha nyumbani." Kulwa akaniuliza nimeyatoa wapi maneno hayo. Nikaona ni wakati wa kwenda kuwasalimu.

Nilifika mchana. Karani alikuwa amekonda, tumbo lote limebaki ukutani. Amestaafu, mizani wameshika wengine. "Usiegemee huko," akaniambia, kisha ndipo, "Karibu, Mama Kulwa." Nikampa shikamoo yake, akaipokea kwa kuinamisha kichwa.

Mama Milembe aliketi kwenye kigoda, uso umeelekezwa kwangu lakini macho hayakunifikia. Yameingia ukungu, yote mawili. Alinishika mikono, akanipapasa uso, akacheka kwamba nimezeeka, ameisikia mikunjo. Nilimuuliza ni tangu lini. Akasema imekuja taratibu, kwanza sindano, halafu sura za watu, sasa anajua mchana na usiku tu. Nilitaka kulia na sikulia, maana yeye alikuwa anauliza habari za Kulwa.

Karani akaenda kuchemsha chai. Ndiyo, yeye. Nikainua macho kutazama ukuta.

Chatu alikuwa na shingo kama ya bata. Yule mwanamume alikuwa na mikono yenye urefu tofauti. Mwanamke anayetwanga alikuwa mkubwa kuliko wote, anajaza ukuta, na uso wake ulikuwa umefutwa na kuchorwa, umefutwa na kuchorwa, mpaka udongo mahali pale umevimba. Sikuhitaji kuambiwa ni nani alikuwa anahangaika na uso ule. Rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri.

Karani akarudi na vikombe. Kucha zake zilikuwa nyekundu kwa udongo. Akaketi, akautazama ukuta, akakohoa kidogo.

"Unaona, Mama Kulwa," akasema kwa sauti, ya kusikika hadi kwenye kigoda. "Macho yake yameharibika, lakini kazi yake iko vilevile. Tangu siku aliyouchora mwisho, haujaguswa na mkono wa mtu."

Niliinamia chai yangu. Ilikuwa na sukari.

Mama Milembe alinyoosha mkono nyuma yake, akaugusa ukuta kwa ncha za vidole, pale chini alipo ng'ombe. Akatembeza vidole polepole kutoka kwenye nundu hadi tumboni, akashuka miguuni, akahesabu kwa midomo bila sauti, akarudia kuhesabu. Akavinusa vidole.

"Baba Milembe," akasema. "Mwakani mpunguzie mguu mmoja."

Karani alishusha kikombe. Akatazama kucha zake, akamtazama mkewe, akamtazama ng'ombe kwa muda mrefu, kwa lile jicho lake la mizani.

"Upi?" akauliza.